Yadi ya betri chakavu na karatasi za mkono wa pole: tufungue shauri la pamoja kabla hatujasaini

Mkaazi wa Bondeni, mwanzilishi wa uzi

Assalamu alaykum waungwana. Naandika kwa nafsi yangu tu, si kwa niaba ya kamati, kwa sababu kamati yenyewe bado haijapewa idhini ya maandishi na wakaazi, na hilo ni miongoni mwa mambo ninayotaka tuyazungumze. Wanaokaa upande wetu wa Mkoa wa Mjini Magharibi wanaijua yadi ninayoikusudia. Kwa wasioijua, inatosha kusema kwamba ni pahala panaponunuliwa betri chakavu za magari na za sola, zikapasuliwa, maji yake ya tindikali yakamwagwa chini na madini ya risasi yaliyomo yakayeyushwa ili yasafirishwe. Jina la kampuni silitaji, kwani shauri halijafunguliwa na sitaki mtu apate kisingizio cha kutushitaki sisi kwa kashfa kabla hatujawashitaki wao kwa sumu.

Hivi karibuni vijana wa yadi wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba baada ya sala ya alasiri, wakiwa na bahasha na karatasi ya ukurasa mmoja. Bahasha wanaiita mkono wa pole. Karatasi inasema kwamba mpokeaji ameridhika na hatakuwa na madai mengine yoyote, ya sasa wala ya baadaye, yanayohusu moshi, vumbi, maji au afya ya watu wa nyumba yake. Simlaumu aliyepokea, maana najua hali za watu. Lakini naomba tulitazame neno hilo la "baadaye" kwa macho makavu. Mtoto wa miaka mitatu anayechezea vumbi la uani leo hajapimwa, na mzazi wake anaombwa auze haki ya kudai kwa maradhi ambayo bado hakuna daktari aliyeyaandika.

Nisemalo ni hili: tukatae kusaini mmoja mmoja, tuingie mahakamani kwa shauri moja la uwakilishi, yaani wachache washitaki kwa niaba ya wote, na dai letu la kwanza lisiwe fedha. Liwe kupimwa kwa damu za watoto na kuondolewa kwa udongo uliochafuka. Fedha zifuate.

Sasa nije kwenye ushahidi, kwa sababu naona watu wengi wanakimbilia kisimani. Sisi wa Unguja tumezoea kuhofia visima, na kwa haki, kwani karibu maji yetu yote ya kunywa yanatoka ardhini na sehemu kubwa ya kisiwa imekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye nyufa na mapango, ambamo maji hupita haraka bila ya kuchujwa sana. Kwa mafuta au dawa za viwandani, kisima ndicho kingekuwa cha mwanzo kupimwa. Risasi ina tabia yake. Hunata kwenye udongo wa juu, na katika ardhi yenye chokaa nyingi kama yetu hushuka polepole. Kwa hiyo inawezekana kabisa kisima cha msikiti kikapimwa, kikaonekana ni safi, na wakili wa yadi akainyanyua karatasi hiyo mahakamani kuwa ndiyo kinga yake, ilhali vumbi lililo kwenye madirisha ya skuli na mikeka ya madrasa lina sumu tele. Kisima kipimwe, lakini pamoja na udongo wa uani, vumbi la ndani ya nyumba na damu.

Damu ndiyo yenye haraka. Risasi iliyomo kwenye damu hupungua kwa nusu katika muda wa mwezi mmoja hivi baada ya mtu kuepushwa nayo, kisha kilichobaki hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi. Yadi ikisimamisha tanuri kwa msimu mmoja, kama ambavyo baadhi yetu tumesikia kuwa inakusudia kufanya, vipimo vitakavyochukuliwa baadaye vitatoka na sura nzuri kuliko ukweli wenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama, na mwaka 2021 lilipendekeza kwamba mtu akikutwa na mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi, chanzo kitafutwe na kiondoshwe. Kwa maji ya kunywa kiwango chake ni miligramu 0.01 kwa lita. Shirika hilo hilo linaeleza kwamba watoto wadogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya watu wazima kutoka kwenye chanzo kile kile. Ndiyo maana nimeanza na watoto.

Damu itolewe kwenye mshipa, si kwa kuchoma kidole peke yake, kwa kuwa kidole chenye vumbi huweza kuliongeza jibu na kumpa mpinzani wetu pa kushikia. Na kila chupa ya maji au mfuko wa udongo ufuatane na karatasi inayoonesha nani alichukua, wapi, saa ngapi, na ulitoka mkononi mwa nani ukaingia mkononi mwa nani hadi kufika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Bila ya karatasi hiyo, jibu la maabara ni maneno tu.

Mama wa Mtaani

Waalaykum salaam kaka yangu. Umeandika vizuri na nimesoma hadi mwisho, lakini naomba uniruhusu niseme upande ambao hukuupa nafasi yake. Mimi ni mmoja wa waliopokea bahasha. Mwanangu wa mwisho tumbo linamsokota, hali chakula, na mwalimu wake ananiambia kwamba mambo aliyokuwa akiyajua mwaka jana sasa anayasahau. Dawa na nauli ninazitoa mwenyewe. Mlipoitisha kikao barazani mlizungumza kwa muda mrefu kuhusu mahakama, na hakuna aliyeuliza nani ana mgonjwa nyumbani.

Wakati wao wanapita na bahasha, nyinyi mnapita na nini? Na je, mimi niliyesaini nimeshatoka katika shauri, au bado naweza kuhesabiwa?

Msomaji wa Sheria

Naomba nianze na swali la dada yetu, kwa sababu ni zito kuliko mengine. Hati ya kuachia madai haipotezi kila kitu kwa sababu tu imesainiwa. Mahakama huangalia kama aliyesaini alielezwa yaliyomo, kama alilazimishwa au kudanganywa, na kama alikuwa na nafasi ya kupata ushauri. Tena mzazi anaposaini kwa nafsi yake, haki ya mtoto ya kudai kwa madhara ya mwili wake ni jambo jengine. Kwa hiyo usiitupe nakala yako, wala usiirudishe bahasha kwa hasira bila ya kumuona wakili. Andika leo, wakati bado unakumbuka, nani alikuja, alisema nini, na kama karatasi ilisomwa mbele yako. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kinasaidia watu wasio na uwezo, na tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018 ambayo imewekwa kwa hali kama hizi.

Jambo la pili ni marekebisho kwa wachangiaji waliokuwa wakilizungumza suala hili kwenye makundi ya simu. Wengi wananukuu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kumtaka mtu aende NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Sheria hiyo ni ya Tanzania Bara. Mazingira si jambo la Muungano, na sisi tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar Namba 3 ya 2015, ambayo ndiyo iliyoanzisha ZEMA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar. Malalamiko yapelekwe huko kwa maandishi, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ihifadhiwe. Umuhimu wa muhuri huo utaonekana siku mdhibiti atakaposema kwamba hakuwahi kuambiwa.

Kuhusu muundo wa shauri, tusidhani kwamba tutapata kile kinachofanyika Marekani, ambako mtu anaweza kujikuta ndani ya kundi la wadai bila ya kujiandikisha, hadi aombe kutolewa. Kwetu utaratibu ni wa shauri la uwakilishi, wenye asili ya sheria za mwenendo wa madai zilizotoka India wakati wa ukoloni. Watu wengi wenye maslahi yaleyale huwakilishwa na wachache, kwa ruhusa ya mahakama, na taarifa hutolewa kwa wote, ama mkononi au kwa tangazo, ili anayetaka kuingia au kupinga apate nafasi. Neno linalobeba uzito hapo ni "maslahi yaleyale". Mwenye nyumba anayedai thamani ya kiwanja, mzazi anayedai matibabu na mfanyakazi aliyeumia kazini hawadai kitu kimoja, na wakili wa upande wa pili atalishika hilo siku ya mwanzo. Njia nzuri ni kuweka katika shauri la uwakilishi yale ambayo ni ya wote, yaani zuio dhidi ya tanuri, kusafishwa kwa ardhi na kupimwa kwa afya, na kuorodhesha madhara ya kila mmoja katika viambatisho vya hati za kiapo.

Msingi wa kisheria upo. Tangu 1868, katika shauri la Rylands dhidi ya Fletcher, mahakama za Kiingereza zimeshikilia kwamba mtu anayekusanya katika ardhi yake kitu chenye madhara kikitoroka anawajibika kwa jirani, hata kama hakuzembea. Na hapo Dar es Salaam, wakaazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji kwa jaa la taka na wakashinda mwaka 1988. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Wakaazi wa huko nao, zaidi ya 700, wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1991, na mahakama ikaona kwamba kuwatupia watu taka zenye madhara kunagusa haki yao ya kuishi. Naitaja Tabata kwa makusudi. Mkiomba tu kwamba yadi iondoke hapo Bondeni, mtapewa, na mwakani tutasoma uzi kama huu kutoka shehia nyengine.

Mzawa wa Jomvu

Mimi ni jirani yenu wa Mombasa, na yaliyowapata nyinyi sisi yametupitia. Hapa Jomvu kuna kijiji kiitwacho Owino Uhuru, ambacho ukuta wake uligusana na kiwanda cha kuyeyusha betri. Kiwanda kilianza mnamo 2007 na kikafungwa 2014, baada ya kelele nyingi za wakaazi na za Phyllis Omido, ambaye aliwahi kuajiriwa humo na akagundua kwamba mtoto wake mwenyewe alikuwa na risasi mwilini. Wakaazi wapatao 3,000 walifungua shauri la pamoja mwaka 2016. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa shilingi za Kenya bilioni 1.3, pamoja na amri ya kusafisha udongo.

Watu walicheza ngoma usiku ule. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia ile, na wazee waliokuwa wameshaanza kuhesabu wakarudi kimya majumbani. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Hesabuni wenyewe: tangu kufunguliwa hadi uamuzi wa mwisho ni zaidi ya miaka minane, na uamuzi si fedha mkononi. Dada aliyeuliza mnapita na nini ana haki ya kuuliza.

Lakini kuna jambo katika hukumu ile ambalo ningependa mlichukue zima zima. Waliobebeshwa mzigo hawakuwa wenye kiwanda peke yao. Mamlaka ya mazingira ya taifa nayo ilihusishwa, kwa sababu ilitoa kibali au ilinyamaza wakati ilipopaswa kusimamisha. Mwenye tanuri anaweza kufunga geti, akabadilisha jina la kampuni na akapanda ndege. Serikali haihami. Ikiwa mtamshitaki mwenye yadi tu, basi mkishinda mtabaki na hukumu nzuri ya kutundika ukutani.

Kijana wa Tanuri

Sitaandika jina langu. Nilifanya kazi humo. Betri zinapasuliwa kwa shoka, sahani za risasi zinatolewa kwa mikono, na maji ya betri humwagwa kwenye shimo la nyuma ambalo mvua za masika hulijaza likafurika kuelekea mtaroni. Tulipewa glavu siku wakaguzi walipotarajiwa. Nguo tulizovaa tulikwenda nazo nyumbani, na wake zetu ndio waliozifua.

Nataka kutoa ushahidi, lakini ndugu zangu wengine bado wanategemea ujira wa pale, na tayari tumeambiwa kwamba yadi ikifungwa ni kwa sababu ya fitina zetu. Nauliza kama mfanyakazi anahesabiwa kuwa ni mdai au ni sehemu ya yadi.

Mkarafuu wa Wete

Natoka Pemba na sina maslahi na yadi yenu, ila nina wasiwasi na jinsi mjadala unavyokwenda. Serikali inatafuta wawekezaji kwa udi na uvumba, vijana hawana ajira, na kila kiwanda kinachofunguliwa kinakutana na uzi wa malalamiko. Je, haiwezekani kuzungumza na mwenye yadi kupitia kwa sheha, akajenga bomba refu la moshi na kuweka sakafu ya zege, bila ya kupelekana Mahakama Kuu? Suluhu ina baraka zake.

Mkaazi wa Bondeni, mwanzilishi wa uzi

Nimesoma yote na nitajibu bila ya mpangilio, kwa namna yalivyonigusa.

Sheikh wa Wete, suluhu hatuikatai. Mashauri mengi ya aina hii duniani yamemalizika kwa suluhu, na baadhi yake yalikuwa na manufaa kuliko hukumu. Kule West Virginia, wakaazi waliokunywa maji yenye kemikali ya PFOA kutoka kiwanda cha DuPont walifikia makubaliano mnamo 2004 ambayo sehemu yake ilikuwa kuunda jopo la wanasayansi wasioegemea upande wowote. Watu wapatao 69,000 walitoa damu na maelezo ya afya zao, na kufikia 2012 jopo lilikuwa limeihusisha kemikali ile na maradhi sita. Hiyo ni suluhu iliyoandikwa mbele ya mahakama, yenye masharti yanayoweza kutekelezwa kwa nguvu. Bahasha inayopitishwa alasiri haimfungi mwenye yadi kwa lolote. Na bomba refu, kwa heshima zako, halipunguzi risasi. Linaipeleka tu mtaa wa pili. Kuhusu wawekezaji, nadhani aliyejenga kwa tathmini ya kweli ya athari za mazingira ndiye anayeumizwa na huyu anayemwaga tindikali shimoni, kwa sababu anashindana na mtu asiyelipa gharama zake.

Kijana wa Tanuri, kwa maoni yangu wewe ni miongoni mwa walioumia kuliko sote, na watoto wako pia. Msomaji wa Sheria ameshaeleza kwamba dai la mfanyakazi linasimama pembeni na la jirani, hivyo litafunguliwa kwa njia yake, na maelezo yako ya shimo, shoka na glavu yataingia katika mashauri yote mawili. Usiyaandike zaidi hapa. Mwambie wakili. Wakati huohuo wenzako waliobaki wavue nguo za kazi kabla ya kuingia nyumbani na wazifue mbali na za watoto. Hilo halihitaji amri ya hakimu.

Dada yangu Mama wa Mtaani, swali lako limenikaa. Tulizungumza sheria tukasahau wagonjwa. Nitakachopeleka kwenye kikao ni kwamba orodha ya kwanza tutakayoiandika iwe ya watoto wenye dalili, kabla ya orodha ya wadai, na kwamba tuombe kwa maandishi Wizara ya Afya ipime watoto wa shehia yetu hata kabla shauri halijasajiliwa. Jibu la barua hiyo, likiwa la kukubali au la kukataa, litaingia kwenye jalada.

Nimalizie kwa lile ambalo watu huliona la aibu kulitaja mapema, nalo ni nani atashika fedha zikija. Mwaka 2006 taka za sumu za meli ya Probo Koala zilimwagwa Abidjan, na mwaka 2009 kampuni ya Trafigura, iliyoikodi meli hiyo, ikakubali huko London kulipa pauni milioni 30 kwa wadai wapatao 30,000. Fedha zilipofika Ivory Coast lilizuka kundi lililodai kuwa ndilo mwakilishi halali wa waathirika, mahakama za huko zikaridhia sehemu ya fedha ipitie mikononi mwake, na maelfu ya watu hawakupata haki yao. Kwa msiba ule ule, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliihukumu Ivory Coast Septemba 2023, na kufikia hapo ilikuwa imepita miaka 17 tangu taka zimwagwe. Watu wale waliumizwa mara mbili, na mara ya pili si na mgeni.

Kwa hiyo wawakilishi wetu wachaguliwe kwa saini au alama ya dole gumba ya kila kaya, wanawake kwa wanaume, na mtu mwenye biashara na yadi asiwe miongoni mwao, hata kama ni mwenye heshima kubwa mtaani. Hati ya idhini iseme wazi kwamba wawakilishi hawana ruhusa ya kukubali suluhu bila ya kurudi kwenye mkutano. Mkataba na wakili uandikwe kwa Kiswahili na usomwe kwa sauti, ikiwemo sehemu inayoeleza atalipwa nini tukishinda na nani atabeba gharama tukishindwa. Fidia ya mtoto iwekwe kwa jina la mtoto chini ya uangalizi wa mahakama. Na swali la mwanzo kwa wakili, kabla hata ya chai, liwe ni ukomo wa muda: tangu lini tulijua au tulipaswa kujua, na dirisha linafungwa lini. Tukitaka kuziunganisha taasisi za serikali kama alivyoshauri ndugu wa Jomvu, kuna taarifa ya awali ya kutolewa, nayo ina muda wake.

Mama wa Mtaani

Nimeelewa. Nakala yangu ya karatasi ninayo, na jirani zangu ambao hawajui kusoma walisaini bila ya kusomewa. Nitawauliza kama wako tayari kulieleza hilo mbele ya wakili. Ila kikao kiwe asubuhi. Mkikiweka baada ya isha, kinamama hatutokuja, na orodha ya watoto hamtoipata kamili.

Mkaazi wa Bondeni, mwanzilishi wa uzi

Tutakiweka asubuhi, uwanja wa skuli, siku isiyo ya masomo, na nitamuomba sheha barua ya ruhusa. Kila kaya ije na kadi ya kliniki ya mtoto, na aliyepewa karatasi na yadi aje nayo, iwe imesainiwa au haijasainiwa.